Kwa nini Wamexico wa Marekani wanachora kwenye maboksi, kuta na magari? Turubai liliwakosea nini?

#1 Mbeba Boksi Halisi

Wakuu, habari za muda.

Nipo California mwaka wa tisa sasa, na jina langu hapa jukwaani si la utani. Kazi yangu ni kupanga matunda dukani usiku. Boksi linashuka kwenye lori, nalifungua, napanga, nalikunja, nalitupa kwenye mashine ya kukandamiza. Mamia kwa zamu moja. Sijawahi kuliangalia boksi mara mbili.

Jumapili iliyopita mwenzangu wa kazini kanivuta kwenye maonyesho ya picha. Naingia, ukutani wametundika boksi la zabibu. Lilelile ninalolikunja kila siku! Limefunguliwa likawa bapa, mikunjo inaonekana, tundu la kushikia lipo, stika bado imegandia. Juu yake amechorwa kwa mkaa mama wa shambani: kofia, juu yake kofia ya sweta, leso imefunika pua na mdomo, yamebaki macho tu. Tundu la kushikia limeangukia palepale kifuani. Nembo ya kampuni imekaa nyuma ya kichwa kama lile duara la dhahabu la watakatifu kanisani.

Mchoraji ni Narsiso Martinez. Alivuka kutoka Oaxaca akiwa na miaka 20, sekondari kamaliza na miaka 29, akawa anakwenda kuchuma matunda jimbo la Washington ili alipe ada ya chuo. Shahada ya uzamili ya sanaa kaipata 2018 pale Long Beach.

Nikaanza kufuatilia na wenzake. Judith Baca na kundi lake wamechora ukuta wa mfereji wa mafuriko. Rafa Esparza anachora juu ya matofali ya udongo. Luis Jiménez alitengeneza sanamu za faibaglasi zenye rangi ya magari. Jay Lynn Gomez, ambaye kazi za mwanzo alizisaini Ramiro Gomez, alikata watu wa kadibodi akawasimamisha kwenye maua ya matajiri Beverly Hills.

Swali langu: turubai liliwakosea nini hawa watu?

#2 Ngosha

Siti ya mbele kabisa. Yaani mbeba boksi umepanda ndege miaka tisa iliyopita ukaenda kukutana na boksi makumbusho. Dunia hii!

#3 Msomi Njaa

Jibu ni fupi mkuu: njaa. Turubai linauzwa, boksi linaokotwa.

Wenyewe wana neno lake, *rasquache*. Zamani lilikuwa tusi, maana yake mtu wa hovyo, wa kubangaiza. Mwaka 1989 msomi wao Tomás Ybarra-Frausto akaliandikia makala akaligeuza sifa: ni jicho la mtu asiye na kitu ambaye hakubali kukaa bila uzuri. Tairi bovu linakuwa chungu cha maua, kopo la rangi linapandwa mnanaa. Anayetoka Tandale au Manzese hahitaji kufafanuliwa.

#4 Kaka Mkubwa 72

Nakataa. Hiyo ni hoja ya kuonea watu huruma. Hawa wana urithi wa kuta tangu kwa mababu. Diego Rivera, Mmexico wa Marekani, alichora viwanda vya magari Detroit mwaka 1932 hadi 1933, ukumbi mzima, mafundi na mashine. Alikosa hela ya turubai yule? Ukuta ni wa kila mtu, turubai ni la sebuleni kwa bosi. Basi.

#5 Mwalimu wa Zamu

Kaka Mkubwa, Rivera si Mmexico wa Marekani. Ni Mmexico aliyekwenda Marekani kwa mwaliko, akachora, akarudi kwao. Na Detroit waliomlipa ndio haohao mabosi wa magari, kwa hiyo sebule ya bosi haikuwa mbali.

Ila hoja ya kuta ina mguu. Mwaka 1932 mwenzake Siqueiros alipewa ukuta mtaa wa Olvera, Los Angeles. Wenye jengo walitarajia minazi na ndege wa rangi rangi. Akawachorea Mhindi Mwekundu amesulubiwa, na juu yake tai wa Marekani. Haikuchukua miaka mingi wakaupaka chokaa. Jua likala chokaa taratibu, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 picha ikaanza kuchungulia yenyewe, wakati vijana wa Kimexico mjini humo ndio wameanza kujiita Chicano na kutafuta pa kuchora. Tangu 2012 watu wanakwenda kuiangalia rasmi.

Baca alikwenda hadi Mexico kujifunza kwenye karakana ya huyo Siqueiros. Ukuta wake ulioanza 1976 una urefu wa mita 840 hivi, na vijana zaidi ya 400 wameshika brashi pale, wengine wakiwa wametoka kwenye mikono ya mahakama za watoto. Kuna sehemu inaonyesha miaka ya 1930, Wamexico wanapakiwa kwenye treni kurudishwa Mexico, wakiwemo raia waliozaliwa Marekani.

#6 Mtu wa Gikomba

Wasee, mmesahau kitu moja kubwa: union. Hii sanaa ilianza kama kazi ya chama cha wafanyikazi. César Chávez alianzisha mgomo wa zabibu Delano 1965, na mgomo unahitaji bendera, mabango, vitu za kubandika usiku na kukimbia. Utabandika turubai kwa nguzo ya stima?

Angalieni ile bendera yao nyekundu yenye tai mweusi. Mabawa yake yamekatwa kama ngazi, mistari imenyooka. Ilifanywa hivyo makusudi ndio mfanyikazi yeyote aweze kuichora mwenyewe na rula. Hata mchezo wa kuigiza walikuwa nao, Teatro Campesino ya Luis Valdez, na jukwaa lao lilikuwa lori.

Na kumbukeni wametoka wapi. Watu zaidi ya milioni 4 waliletwa kwa mpango wa Bracero, 1942 hadi 1964, kulima wakiwa wameinama na kajembe kafupi ka mkono. Hako kajembe California ilikapiga marufuku 1975 tu, juzi juzi!

#7 Mwalimu wa Zamu

Mtu wa Gikomba, bandiko zuri, lakini marekebisho mawili.

Kwanza, ni mikataba zaidi ya milioni 4, si watu. Mtu mmoja aliweza kwenda msimu huu, akarudi kwao, akaja tena, kila safari mkataba wake.

Pili, mgomo wa Delano waliuanza Wafilipino, tarehe 8 Septemba 1965, akiwemo Larry Itliong. Wamexico wa Chávez na Dolores Huerta waliungana nao tarehe 16, siku ya uhuru wa Mexico. Wafilipino wanasahaulika kila siku kwenye hadithi hii, tusiwasahau na sisi.

#8 Mtu wa Gikomba

Nimekubali, mwalimu. Usinichape.

#9 Bi Cherehani

Hamjambo humu. Mimi ni fundi wa nguo Mombasa, na nyote mnazungumza kana kwamba sanaa ni brashi tu.

Mtafuteni Margarita Cabrera, kazaliwa Monterrey, Mexico, yuko El Paso, mji wa Texas uliopo mpakani. Anachukua sare za askari wa doria ya mpakani, zile za kijani, anakaa na wahamiaji wenyewe, wanazikata na kuzishona ziwe mipungate na mimea ya jangwani, wanaitia kwenye vyungu vya udongo vya kweli. Kila mtu anatarizi juu yake habari ya safari yake. Nilipokuza picha kwenye simu nikaona mfuko wa shati umebaki palepale kwenye jani, na kifungo chake. Fundi mwingine angeufumua. Yeye kauacha.

Na zile kazi zake za mwanzo, vyombo vya nyumbani kavishona kwa plastiki laini, nyuzi zinaning'inia hazikukatwa. Mteja wangu akiona uzi unaning'inia ananirudishia nguo! Pale uzi ndio unaosema kuwa kuna mkono wa mtu umepita, kwa sababu ng'ambo ya mto, Ciudad Juárez, viwanda vinashona na kuunga vitu usiku na mchana, na mnunuzi haoni mkono wa mtu.

Yolanda López pia, Mungu amrehemu, alikufa 2021. Mwaka 1978 alichora watatu kwa sura ya Bikira wa Guadalupe: yeye mwenyewe anakimbia na raba miguuni, bibi yake amekaa na kisu na ngozi ya nyoka, na mama yake yuko kwenye cherehani analishona lile joho la nyota. Mama yuko kazini hata akiwa mtakatifu. Mimi nimeibandika dukani hiyo.

#10 Mlokole Mtulivu

Dada Bi Cherehani, samahani, Mama wa Mungu na raba? Hiyo ni dhihaka, tusiite kila kitu sanaa.

#11 Bi Cherehani

Kaka, hakumchora Bikira amevaa raba. Kamchora mama yake na bibi yake, akawapa mwanga wa Bikira. Wewe mama yako hastahili mwanga?

#12 Ngosha

Mlokole kalowa. Nendeni taratibu jamani.

#13 Fundi Rangi

Mimi napiga rangi magari Ilala, acheni niseme kuhusu Jiménez maana huyo ni mwenzetu. Baba yake alikuwa na karakana ya mabango ya taa za neoni El Paso, kijana kakulia humo. Kwa hiyo alichukua vifaa alivyovijua: faibaglasi, rangi ya kupuliza, vanishi juu kwa juu mpaka ing'ae kama gari lililotoka jana. Ana sanamu ya 1989, *Border Crossing*: mwanamume anavuka mto, kambeba mkewe begani, na mama kafunika mtoto mchanga. Mtu aliyezoea sanamu za shaba ataona ni ya rangi mno. Lakini kule mtaani kwao watu walishapiga rangi hizohizo kwenye yale magari yao yanayotembea kwa kuinama chini chini, na boneti imechorwa picha ya marehemu babu. Si umaskini ule. Rangi ile ni ghali kuliko turubai, niulizeni mimi!

Kwa hiyo Msomi Njaa, hoja yako imepasuka. Mtu anatumia kifaa alichokizoea mkono, hakuna siri nyingine. Tingatinga wetu alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari kwa sababu hizo ndizo alizoziona.

#14 Msomi Njaa

Fundi, Tingatinga unamleta upande wako wakati ni shahidi wangu! Alitumia mbao za dari kwa kuwa hakuwa na hela ya kingine.

#15 Ngosha

Huyo Jiménez si ndiye aliyeuawa na farasi wake mwenyewe?

#16 Fundi Rangi

Ndiye. 2006, kipande cha sanamu kubwa ya farasi wa buluu kilimwangukia karakanani. Farasi akamaliziwa na wengine, sasa yuko uwanja wa ndege wa Denver, macho yake mekundu yanawaka usiku. Wenyeji wengine wanamwogopa.

#17 Mzee wa Tanga

Vijana, mmemtaja Tingatinga mkapita. Kabla ya Dar es Salaam alitoka Tunduru akaja kwetu Tanga kufanya kazi mashamba ya mkonge. Alikuwa mhamiaji wa kazi kama hao.

Na huo mkonge wenyewe ni Mmexico. Mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000, ikapitia Florida, ikafika hai 62 tu. Asili yake Yucatán, hata jina sisal ni la bandari ya kule. Baba yangu aliletwa kutoka Kigoma kama manamba. Mnajua kwa nini waliitwa hivyo? Kila mtu na namba yake. Karani hakuita jina. Miaka ya 1940 wenye mashamba waliunda hadi ofisi ya kukusanya watu, SILABU, na wazee wetu wakaifanya jina la kutishia watoto.

Baba alibaki na alama za miiba mikononi mpaka anazikwa. Hakuna aliyemchora. Mimi sina nadharia ya boksi wala turubai. Nimeona tu ile picha aliyoweka mtoa mada, nikaangalia mikono.

#18 Kaka Mkubwa 72

Mzee shikamoo. Mimi nilisoma mkonge ulitoka Brazil?

#19 Mzee wa Tanga

Marahaba. Brazil ndio wazalishaji wakubwa wa sasa, walituzidi kete. Mmea ni wa Mexico.

#20 Jicho Kavu

Nasoma tangu juzi mnavyotoana machozi. Ngoja niseme mnachokikwepa: ni soko. Picha ya mkulima kwenye turubai zipo milioni. Kwenye boksi ni habari, inaandikwa, inanunuliwa na makumbusho. Mchuma zabibu mwenyewe hawezi kuinunua picha ya mchuma zabibu. Boksi la bure likishasainiwa tu bei inapanda mara elfu. Nimemaliza, pigeni mawe.

#21 Msomi Njaa

Leo maboksi yana soko, sawa. Lakini rudi 1972. Vijana watatu wa kundi la Asco, Gamboa, Gronk na Herrón, waliambiwa na mtu wa jumba kubwa la sanaa la Los Angeles kuwa Wachicano hawafanyi sanaa ya kweli. Wakarudi usiku na rangi za kupuliza, wakaandika majina yao mlangoni, wakatangaza jengo zima ni kazi yao. Kesho yake asubuhi wakampiga picha mwenzao Patssi Valdez kasimama juu ya majina yale, kabla hayajafutwa. Hapo soko lilikuwa wapi? Ukinyimwa mlango utachora juu ya mlango.

#22 Jicho Kavu

Na miaka miwili baadaye, 1974, jumba hilohilo likawafungulia Wachicano wengine, wale Los Four. Umenisaidia hoja. Kelele ndiyo iliyofungua soko.

#23 Msomi Njaa

Kwanza ulisema boksi, sasa unasema kelele. Chagua moja.

#24 Mtu wa Gikomba

Hehe, hapo ni moto. Nikichangamsha tu: kuna kundi la Sacramento lilijiita kwa herufi RCAF, maana yake umoja wa sanaa wa Wachicano waasi. Watu wakawa wanauliza, nyinyi ni jeshi la anga la Kanada? Badala ya kubadilisha jina wakanunua kofia na miwani ya marubani, wakajiita Jeshi la Anga la Kifalme la Wachicano. Hawana hata ndege moja!

Na Ester Hernández, mtoto wa vibarua wa Dinuba, aligundua maji ya mji wao yameingia sumu ya dawa za mashambani. Mwaka 1982 akachukua lile pakiti la zabibu kavu lenye msichana wa kofia nyekundu, akamgeuza msichana kuwa fuvu. Yeye hakuchora *juu* ya boksi, alichora boksi lenyewe, tena kwa chapa ya skrini, nakala nyingi, kila mtu apate yake. Jicho Kavu, soko gani hilo la kugawa?

#25 Mtoto wa Njombe

Mimi ni msomaji wa kimya, nimejiunga leo kwa ajili ya Rafa Esparza. Yale matofali anayachanganya udongo, samadi ya farasi na majani makavu, kafundishwa na baba yake aliyeyafyatua zamani Durango. Hayachomwi, yanakaushwa juani. Mwaka 2017 kayapeleka New York kwenye maonyesho ya jumba la Whitney, akajenga chumba kizima ndani ya vile vyumba vyeupe.

Mimi na baba hatukuwa tunaongea. Likizo ya kidato cha pili akaniita kufyatua tofali za nyumba, wiki tatu, tukaongea kuliko miaka yote. Ya kwanza yangu yalipasuka yote, sikuwa najua kuyafunika nyasi yasikauke haraka. Akacheka. Ni mara ya kwanza nilimwona akicheka hivyo. Nadhani Esparza anachora juu ya tofali kwa sababu hiyo. Sijui kuhusu maboksi.

#26 Bi Cherehani

Karibu sana, mwanangu. Usinyamaze tena.

#27 Mbeba Boksi Halisi

Nashukuru wote. Nilikuwa zamu mbili mfululizo.

Kuna picha ya Gomez nataka muione. Hockney, Mwingereza, alichora 1967 bwawa la kuogelea la Los Angeles, mtu kajirusha, maji yameruka, haonekani. Gomez mwaka 2013 kachora bwawa hilohilo, nyumba ileile, maji yametulia. Kaongeza wafanyakazi wawili wanaofanya usafi. Kwa upande wa Hockney hawakuwepo, lakini bwawa lilikuwa safi. Na Gomez amewahi kuwa yaya wa kulala humohumo kwa watu, alikuwa anachora wakati mtoto kalala, kwenye kurasa za magazeti ya nyumba za kifahari za mwajiri. Hiyo moja kwa moja haiwi njaa, Msomi, wala soko. Ndicho kilichokuwa mezani.

Sasa sikieni hili. Jana usiku ile picha ya Martinez, ya mama kwenye boksi la zabibu, nilimwonyesha mwenzangu wa zamu, mtu wa Michoacán kule Mexico, kachuma zabibu miaka sita kabla ya kuja dukani. Nikadhani atasema kuhusu uso. Akaangalia akasema, "Analipwa kwa saa au kwa boksi?" Nikamwambia ni picha tu. Akasema najua ni picha, lakini yule kule shambani boksi ndilo saa yake. Unahesabu maboksi mpaka usingizini.

#28 Mwalimu wa Zamu

Hiyo ni nzito. Ila tuwe makini, kwa zabibu ni sawa. Matofaa ya Washington ambako Martinez alichuma yanamiminwa kwenye pipa kubwa la mbao, malipo yanahesabiwa kwa pipa. Boksi linakuja baadaye ghalani.

#29 Jicho Kavu

Kwa hiyo kachora kwenye boksi ambalo yeye mwenyewe hakulijaza. Narudi kwenye soko.

#30 Msomi Njaa

Hapana, unarudi kwenye njaa pamoja nami.

#31 Mzee wa Tanga

Kwenye mkonge ilikuwa mafungu. Baba alihesabu majani 30, anafunga. Alikuwa anahesabu hata anapokula.

#32 Mbeba Boksi Halisi

Mzee, shikamoo. Nimelisoma hilo mara tatu.

Yule bwana kabla hatujaachana aliniuliza boksi la zabibu siku hizi lina uzito gani. Nikageuza la juu kwenye rundo nikasoma pembeni: paundi 19. Akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalipima pima. Akasema wakati wake lilikuwa zito zaidi, na hela ilikuwa ileile.

#33 Ngosha

Paundi 19 ni kilo ngapi kwa Kiswahili?

#34 Mbeba Boksi Halisi

Nane na nusu na ushei. Natoka, lori limefika.